Kutumia data za ndege kuwafundisha marubani kurusha kwa mkono: naomba uzoefu wenu

RubaniKatubuka (Kigoma) ameandika:

Wakubwa zangu shikamooni. Wenzangu, habari za kazi.

Ninarusha ndege ndogo aina ya Cessna Caravan kutoka uwanja wa Kigoma, na tangu mwaka jana nimekabidhiwa pia jukumu la kuwasimamia marubani vijana wanne wanaoanza kazi kwetu. Safari zetu nyingi ni za kwenda viwanja vya udongo vya Mahale na Katavi, na mara kwa mara tunakodiwa kwenda Tabora. Katika viwanja vile vya hifadhini hakuna mtambo wa ardhini unaomwongoza rubani hadi chini, kwa hiyo otopailoti (mtambo unaoirusha ndege badala ya rubani) huzimwa mapema na kazi yote iliyobaki ni ya macho, mkono na miguu. Kuanzia Julai hadi Septemba, mapori ya miombo yanapochomwa, moshi hutanda juu ya ziwa mpaka mstari unaotenganisha maji na anga unapotea kabisa, na rubani anayepinda kuelekea uwanjani hulazimika kutegemea vyombo ingawa jua linawaka. Kwa mazingira hayo, ustadi wa mkono kwetu ni suala la uhai wa watu.

Tatizo langu ni namna ninavyowapima vijana hawa. Kila baada ya safari ya mafunzo tunakaa chini ya bawa, nami namwambia mwanafunzi kwamba leo umekwenda vizuri, au leo mkono wako ulikuwa mzito, au hukuwa na utulivu ulipokaribia kutua. Mwezi uliopita mmoja wao aliniuliza kwa heshima zote: “Kapteni, ulikuwa mzito kiasi gani, na wapi hasa?” Sikuwa na jibu. Siku chache baadaye mkufunzi mwenzangu aliruka na kijana huyohuyo, akaandika kwamba mkono wake ni mwepesi na hauna kasoro. Tulipokaa kulinganisha maoni, kila mmoja wetu alikuwa anakumbuka dakika tofauti ya safari.

Ndipo nilipokumbuka kwamba vyombo vya Garmin G1000 vilivyomo katika ndege yetu huandika kwenye kadi ya kumbukumbu, kila sekunde, mwinuko, kasi, mkao wa pua, ulalo wa mabawa, nguvu ya injini na mengine mengi. Kadi hiyo kwetu hufunguliwa tu fundi anapotafuta hitilafu ya injini. Niliichomoa, nikaifungua kwenye kompyuta, nikachukua kipande kimoja: kukaribia kutua Kigoma, kuanzia futi 500 juu ya uwanja hadi futi 50. Kilikuwa na mistari 58. Kasi tuliyokubaliana ilikuwa noti 80 (maili 80 za baharini kwa saa), lakini ilikwenda 92, ikashuka 76, ikarudi 88, na katika muda huo huo nguvu ya injini ilibadilishwa mara kumi na moja. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha pembeni siku hiyo, na katika daftari langu nimeandika neno moja tu: “sawa”.

Naomba mnisaidie katika mambo haya. Nitazame namba zipi, kwa kuwa safu ni nyingi kupita kiasi? Nitautenganishaje upepo wa ziwani na mkono wa rubani? Na nikishapata picha, niifanyie nini ili kijana abadilike, badala ya kumwongezea hofu?

MkufunziCheyo (Tabora) amejibu:

Marahaba kapteni, na pole kwa majukumu. Nimerusha ndege za abiria kwa miaka mingi, sasa ninafundisha katika simuleta (mtambo wa ardhini unaoigiza ndege), na wiki hii niko mapumzikoni nyumbani Tabora, kwa hiyo nina nafasi ya kukujibu kwa kirefu.

Kijana aliyekuuliza “kiasi gani, na wapi” amekupa maswali mawili ambayo kila data unayoikusanya inapaswa kuyajibu, na ningekushauri safu yoyote isiyojibu mojawapo uiache kwanza.

Hofu kwamba mkono wa rubani hudhoofika kadiri mitambo inavyomfanyia kazi haikuanza kwetu. Tarehe 1 Juni 2009, ndege ya Air France, safari namba 447 kutoka Rio de Janeiro kwenda Paris, ilipoteza vipimo sahihi vya kasi ikiwa futi 35,000 kwa sababu mirija ya kupimia kasi iliziba kwa barafu. Otopailoti ikajizima, rubani aliyekuwa akiiendesha akavuta pua juu, ndege ikapanda hadi karibu futi 38,000, ikaishiwa upepo wa kuibeba, na dakika 4 na sekunde 23 baada ya otopailoti kujizima ikawa imeingia baharini pamoja na watu wote 228. Tarehe 6 Julai 2013 Boeing 777 ya Asiana ilikuwa inatua San Francisco siku ambayo mtambo unaoonyesha mteremko wa kutua ulikuwa umezimwa kwa sababu ya ujenzi. Marubani waliamini kwamba mfumo wa nguvu za injini unawashikia kasi, kumbe haukuwa unafanya hivyo, na kasi iliyotakiwa kuwa noti 137 ikashuka hadi 103. Watu watatu walifariki. Januari ya mwaka huohuo, miezi kadhaa kabla ya ajali hiyo, mamlaka ya anga ya Marekani ilikuwa imekwisha kuyaandikia mashirika ya ndege ikiyahimiza yawape marubani nafasi ya kurusha kwa mkono, kwa kuwa uchambuzi wa data za safari ulikuwa umeonyesha kwamba makosa ya mkono yanaongezeka. Ninakukumbusha hilo kwa sababu moja: ongezeko hilo lilionekana kwenye data. Wakufunzi walioketi viti vya pembeni huenda waliandika “sawa”, kama wewe.

Sasa nije kwenye mistari yako 58, maana humo ndimo kuna mafunzo.

Usianze na wastani. Ukikokotoa wastani wa kasi ya kijana wako utapata pengine noti 82 au 83, namba inayopendeza, na itakudanganya. Rubani anayekaa kati ya 80 na 84 na rubani anayeyumba kati ya 76 na 92 wanaweza kuwa na wastani uleule. Kinachowatofautisha ni mtawanyiko, yaani mkengeuko sanifu, ambao programu yoyote ya majedwali hukukokotolea papo hapo. Chukua mtawanyiko wa kasi katika kipande hichohicho, kutoka futi 500 hadi 50, uwe ndio namba yako ya kwanza. Ukitaka ya pili, chukua mtawanyiko wa kasi ya kushuka. Zikizidi mbili utaanza kukusanya kwa ajili ya kukusanya.

Namba hizo zinajibu “kiasi gani”. Kujibu “wapi” inabidi uchore grafu tatu, moja juu ya nyingine, zikiwa na sekunde zilezile chini: mkao wa pua, nguvu ya injini, kasi. Kisha fuata mtiririko kutoka kushoto kwenda kulia kama unavyofuata nyayo. Ninakuambia mapema utakachokiona, kwa maana nimekiona mara nyingi. Pua inainuka nyuzi mbili. Sekunde tatu au nne baadaye kasi inapungua. Rubani anaona kasi imepungua, anaongeza nguvu, lakini pua ameiacha palepale. Ndege nzito haijibu mara moja, kwa hiyo anaongeza tena. Nguvu zote mbili zinafika kwa pamoja, kasi inaruka kupita 80, naye anapunguza kwa wingi, na mzunguko unaanza upya. Mabadiliko yale kumi na moja ya nguvu si makosa kumi na moja. Inaelekea ni kosa moja lililofanyika sekunde ya kumi, na mengine kumi ni juhudi za kulifukuza. Litafute kosa lile la kwanza na mwulize kijana alikuwa anatazama nini wakati huo. Mara nyingi atakuambia kwamba alikuwa ameshusha flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) na hakurekebisha trimu (kirekebishi kinachoondoa uzito kwenye usukani), hivyo mkono wake ukawa unabeba uzito ambao ungepaswa kubebwa na ndege.

Hapo ndipo zoezi linapojitokeza lenyewe. Ukiwa angani, mbali na uwanja, mwambie aweke pua mahali fulani na nguvu kiasi fulani, arekebishe trimu mpaka usukani uwe mwepesi, kisha aachie mkono na kuhesabu hadi kumi bila kugusa kitu. Afanye hivyo kwa flapu za kila hatua. Mwisho awe na jedwali lake mwenyewe kichwani: pua hapa, nguvu hapa, kasi itakuwa hii. Mwenye jedwali hilo hafukuzi kasi, anaisubiri.

Kuhusu upepo, njia nyepesi ni kumlinganisha rubani na nafsi yake katika saa zinazofanana. Ruka naye asubuhi kabla upepo wa ziwani haujaanza kusukuma, na uandike hali ya hewa ya saa ile pembeni ya namba. Mtawanyiko wa asubuhi tulivu ni wa mkono karibu wote. Wa alasiri ni wa mkono na upepo pamoja, na ukitaka kuutumia, linganisha na marubani wengine waliotua saa ileile. Usilinganishe Kigoma na Tabora bila kufikiri: kwenye joto la nyuzi 28, noti 80 unazozisoma kwenye chombo ukiwa juu ya uwanja wetu wa Tabora ni karibu noti 88 za mwendo halisi hewani, kwa hiyo ardhi inakuja kwa kasi zaidi, na ili kubaki kwenye mteremko uleule inabidi ushuke haraka zaidi. Kijana asiyelijua hilo ataonekana kwenye data kwamba anasukuma pua bila sababu.

Nina jambo moja la mwisho, na ninaliona kuwa zito kuliko yote niliyoandika. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliofanywa Marekani, ambapo marubani 16 wa mashirika ya ndege waliwekwa katika simuleta ya Boeing 747-400 na kuondolewa misaada ya mitambo hatua kwa hatua. Mikono yao, pamoja na mzunguko wa macho yao kwenye vyombo, vilikuwa bado vizuri kwa kiasi kikubwa ingawa wengi walikuwa hawavitumii sana. Palipoonekana udhaifu zaidi ni kwenye fikra: kujua ndege iko wapi bila ramani ya kioo, kupanga hatua inayofuata, na kutambua kwamba chombo fulani kimeharibika. Miaka minne kabla, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cranfield, Uingereza, walikuwa wameonyesha kwamba uhodari wa mkono, hasa katika kushika kasi, unafungamana na kiasi ambacho rubani amerusha kwa mkono siku za karibuni. Kwa hiyo pamoja na mtawanyiko, hesabu dakika ambazo kila kijana amerusha bila otopailoti katika siku 30 zilizopita, na mara mojamoja mzimie ramani akiwa kati ya Uvinza na Tabora umwulize: tuko wapi, na dakika kumi zijazo tutakuwa wapi? Jibu lake halitaonekana kwenye kadi yoyote, kwa hiyo liandike wewe.

FundiVyombo amejibu:

Nimefanya kazi na vyombo vya ndege ndogo kwa muda mrefu. Naunga mkono aliyoyasema Mwalimu, lakini kabla hamjaziamini namba hizo ni lazima mjue kadi haioni nini.

Kadi inaandika kile ambacho ndege ilifanya. Haiandiki kile ambacho mkono ulifanya. Katika ndege kubwa za abiria, kisanduku cheusi na kinasa-data kingine cha kila siku hurekodi hata usukani ulisogezwa kiasi gani, hivyo mchambuzi anaweza kuona rubani aliyebaki ndani ya mipaka lakini kwa kuhangaika mno. Katika Caravan yenu mnakisia mkono kwa kutazama pua na nguvu. Makisio hayo ni mazuri, lakini yaiteni makisio mbele ya kijana.

Pili, data inaandikwa mara moja kwa sekunde. Kwa kasi na mwinuko hiyo inatosha kabisa. Kwa mguso wa magurudumu haitoshi hata kidogo, kwa sababu kishindo cha kutua huanza na kwisha ndani ya sehemu ndogo ya sekunde na kinaweza kuangukia katikati ya mistari miwili. Nimeshuhudia mtu akisifiwa kwa kutua laini kutokana na kadi, wakati mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama pembeni ya njia ya kurukia nikaona tairi zilivyobonyea. Msimpime mtu yeyote kwa kishindo mkitumia kadi hiyo.

Tatu, mwinuko unaosomeka ni wa kutoka usawa wa bahari. Uwanja wa Kigoma uko karibu futi 2,700 na wa Tabora karibu futi 3,900. Ukisema “futi 500 juu ya uwanja” lazima utoe mwinuko wa uwanja husika, na uhakikishe kwamba rubani aliweka kipimo sahihi cha mgandamizo wa hewa siku ile; vinginevyo kipande unachokilinganisha leo si kile cha jana. Ni kosa dogo, lakini linaharibu kazi yote.

Kuna safu moja ambayo Mwalimu hakuitaja, nami naipenda: ile ya mvuto wa ubavuni. Ndege ikiwa inateleza kwa upande kwa sababu miguu ya rubani, inayokanyaga pedali za usukani wa mkia, imelala, safu hiyo inaacha sifuri na kubaki huko. Macho ya mkufunzi huwa njiani na kwenye kasi, wala hayaikamati kwa urahisi.

Nakilini kadi kila wiki, mkiandika tarehe na namba ya ndege, kwa kuwa kadi iliyojaa au iliyoharibika haitoi taarifa mpaka siku mnapoihitaji.

BintiUjiji amejibu:

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Fundi. Kaka Katubuka, mimi ni mwenzako wa Kigoma, sasa ni rubani msaidizi wa ndege za abiria mbali na nyumbani. Nitajibu swali lako la tatu peke yake, kwa maana mimi nimewahi kuwa upande wa pili wa grafu.

Kampuni ya kwanza niliyoifanyia kazi ilianza zoezi kama lako kwa nia njema kabisa. Mwezi wa kwanza tulikaa na mkufunzi, mmoja mmoja, na kwa kweli nilijifunza zaidi katika saa ile moja kuliko katika miezi sita ya kuambiwa nina mkono mzuri. Niliona kwa macho yangu kwamba kila nilipoitwa kwenye redio, pua ilizama. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia, na nisingemwamini angeniambia. Mwezi wa tatu karatasi ikabandikwa ukutani, ikiwa na majina yetu yamepangwa kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, na mishahara ya majaribio ikaanza kutajwa vikaoni pamoja na karatasi ile.

Kilichofuata ni hiki. Marubani walianza kuiacha otopailoti ikiwa imewashwa hadi kimo cha chini kabisa kinachoruhusiwa, kwa sababu otopailoti haina mtawanyiko. Namba zikawa nzuri, mikono ikazidi kulala. Jambo la hatari zaidi ni kwamba kuahirisha kutua na kupaa tena kulihesabiwa kama alama mbaya. Siku moja nilikuwa kiti cha pembeni wakati mwenzangu alipokuwa na kasi kubwa na yuko juu ya mteremko, nikamwambia tupae, naye akaendelea hadi chini. Tulisimama tukiwa tumebakiwa na nafasi ndogo sana mbele yetu. Nilimwuliza kwa nini, akanijibu kwamba mwezi ule alikuwa amekwisha kupaa mara mbili.

Kwa hiyo ninakusihi, kaka, upange kanuni kabla ya kuchora grafu. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, katika Kiambatisho cha 6, linawataka wenye ndege za zaidi ya kilo 27,000 wawe na mpango wa kuchambua data za safari, na linasema wazi kwamba mpango huo usiwe wa kuadhibu na uwe na kinga za kumlinda aliyetoa data. Caravan haifiki hata kilo 4,000, kwa hiyo hakuna anayekulazimisha. Lakini sababu ya kanuni ile ni ileile kwa ndege ya abiria sabini na ya abiria tisa. Mimi ningependa kijana awe wa kwanza kuiona data yake, aione pamoja nawe, na nakala yenye jina isiende ofisini. Kupaa tena kusiwekwe kwenye hesabu yoyote. Na data yako wewe kapteni iwe ya kwanza kufunguliwa mezani.

RubaniKatubuka amejibu:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Wiki tatu zimepita, nami narudi kueleza tulichofanya.

Dada, ushauri wako wa mwisho ndio niliouanza. Nilifungua safari yangu mwenyewe ya Mahale mbele ya vijana wote wanne. Kasi yangu ilikuwa imetulia, nami nilifurahi, mpaka tulipofika kwenye safu ya Fundi ya mvuto wa ubavuni. Tangu nilipopunguza nguvu hadi karibu na kutua, ndege ilikuwa inateleza upande mmoja, si sana, lakini muda wote. Nimeruka miaka mingi na mguu wangu wa kushoto umelala bila mimi kujua. Vijana walinyamaza kidogo, kisha yule aliyeniuliza swali la kwanza akasema angependa na yake ifunguliwe.

Tulikwenda kama Mwalimu alivyoelekeza, tukifuata mistari ile 58 kutoka kushoto. Kosa la kwanza lilikuwa sekunde ya kumi na mbili. Nilimwuliza alikuwa anatazama nini. Alifikiri kwa muda, akasema alikuwa anatazama mbuzi waliokuwa karibu na uzio, akihofia wataingia njiani. Pua iliinuka wakati huo, na trimu alikuwa hajaigusa tangu aliposhusha flapu. Ningeweza kumwambia kwa mwaka mzima kwamba mkono wake ni mzito, na wala tusingefika kwa mbuzi.

Asubuhi nne zilizofuata, kabla ya saa mbili, tulifanya zoezi la kuweka pua, kuweka nguvu, kurekebisha trimu na kuachia mkono. Siku ya kwanza hakuweza kufika sita kabla ya kushika usukani. Siku ya nne alifika kumi kwa flapu zote, na alipokuja kutua alibadilisha nguvu mara tatu tu kutoka futi 500 hadi 50. Sitaandika kwamba amekwisha kuwa hodari, kwa kuwa hali ya hewa ilikuwa tulivu siku zote nne na bado sijamwona alasiri.

Kanuni tumeziandika ukurasa mmoja na wote tumesaini: nakala zenye majina ninakaa nazo mimi na mwenye nazo, ofisi inapata idadi ya dakika za kurusha kwa mkono bila majina, na kupaa tena hakuhesabiwi. Uongozi uliuliza ni rubani yupi dhaifu zaidi. Nilikataa kujibu, na nashukuru kwamba walinielewa.

Swali langu lililobaki ni kwa Mwalimu: mguu wangu huu nitaurekebishaje, maana nikiukumbuka naisahau kasi?

MkufunziCheyo amejibu:

Kapteni, usiufikirie mguu ukiwa karibu na ardhi. Panda hadi kimo salama, shika mwelekeo mmoja ukilenga kitu cha mbali, kisha ongeza nguvu hadi ya kupaa, na baada ya sekunde kumi ipunguze hadi ya kushuka, mabawa yakiwa sawa muda wote. Katika Caravan, ukiongeza nguvu pua itataka kwenda kushoto nawe utahitaji mguu wa kulia. Ukipunguza itataka kulia nawe utahitaji wa kushoto. Fanya polepole mara ishirini, mguu na nguvu vikianza kwa pamoja, mpaka mkono usiweze kusogea bila mguu kusogea. Kisha tua mara tatu, ufungue safu ile. Vijana wawepo unapoifungua.